Kwa Mwendo wa Watoto

Neno la asubuhi, kama lilivyotolewa katika redio yetu. Maandiko: Mwanzo 33:12-14, Kumbukumbu la Torati 19:1-10 na 22:8.

  Tunawasalimu ninyi mnaotusikiliza Katana, Kabamba, Kavumu na Birava. Tunawasalimu akina mama ambao saa hii mmekwisha kupanga ndizi na sambaza kando ya barabara. Tunawasalimu akina baba mashofere, vijana motari, walimu na wanafunzi mnaotembea kwenda masomoni. Neno la leo ni kwa ajili yenu wote, maana ninyi nyote mnakutana mahali pamoja: katika barabara kubwa, ile inayotoka Bukavu, inapita Miti na Kavumu, inafika kwetu Katana, kisha inaendelea Kalehe, Minova, mpaka Goma.

Kabla ya kufungua Biblia tunataka kuungama mbele yenu. Tutasema “sisi” kwa sababu jambo hili tulilifanya sisi wenyewe, watu wa redio na wa kwaya.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka mkutano wa maombi Bukavu. Mkutano ulichelewa kumalizika, na giza lilikuwa linakaribia. Tulikuwa tumekodi gari, na shofere alikuwa mkristo mwenzetu. Tukamwambia: “Baba, kanyaga! Yesu yuko pamoja nasi!” Tukaimba, tukapiga makofi, na kila alipoongeza mwendo sisi tuliongeza sauti. Tukaingia katika senta moja ndogo hapa njiani bila kupunguza hata kidogo. Msichana mmoja alikuwa anavuka na bidoni ya maji ya manjano. Gari ikagonga bidoni. Maji yakamwagika juu ya kioo, na mtoto akaanguka mferejini. Shofere aliogopa kwamba wakaaji wangekuja kuchoma gari, naye hakusimama. Sisi pia hatukumwambia asimame.

Siku ya Mungu iliyofuata tukasimama kanisani kutoa ushuhuda. Tukasema: “Ibilisi alitutegea ajali njiani, lakini Mungu ametuokoa! Haleluya!” Kanisa likaitikia. Ndipo mama mmoja akasimama kule nyuma. Alisema kwa sauti ya chini: “Mimi pia nina ushuhuda. Mtoto wa bidoni ni wangu. Amevunjika mkono. Ninamshukuru Mungu, yuko mzima. Lakini ninauliza: ninyi mliokolewa na nani, na mtoto wangu aliokolewa na nani?”

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Tulikwenda kwa mama yule, tukapiga magoti, tukaomba radhi, tukabeba gharama ya matunzo. Lakini swali lake halikutuacha. Tumelichukua mpaka katika Neno la Mungu, nalo Neno limetuonyesha mahali ambapo hatukutazamia.

Yakobo alikutana na Mungu, kisha akatembea polepole

Mnaijua habari ya Yakobo. Katika sura ya 32 ya Mwanzo alishindana usiku kucha, akabarikiwa, akapewa jina jipya, akatoka hapo akichechemea. Sisi wapentekoste tunaipenda sana sura hiyo. Tunaihubiri katika makesha, na watu wanalia, wanasema: “Sitakuacha usiponibariki.” Lakini mara nyingi tunafunga Biblia pale, hatuendelei mpaka sura ya 33.

Katika sura ya 33 Esau anamwambia ndugu yake waondoke pamoja, yeye atangulie. Esau ana wanaume 400, watu wenye nguvu wasio na mizigo. Yakobo anakataa kwa upole. Anamweleza kwamba watoto wake ni wadogo bado, na kwamba kundi lake lina wanyama wanaonyonyesha. Wakiswagwa kwa haraka hata siku moja tu, kundi zima litakufa. Ndiyo maana anaomba atembee taratibu, kwa kadiri ya miguu ya watoto.

Angalieni vema! Mtu aliyekutana na Mungu usiku, mchana alionekana kwa namna gani? Alipunguza mwendo kwa ajili ya watoto. Angeweza kusema: “Mimi nimebarikiwa, malaika wako mbele yangu, hakuna baya litakalotupata.” Hakusema hivyo. Baraka aliyoipata haikumfanya akimbie, ilimfanya atazame nyuma aone nani hawezi kukimbia.

Sasa tujiulize: ndani ya senta yetu, ni mwendo wa nani unaotawala? Mwendo wa Esau na watu wake 400, au mwendo wa watoto? Gari inayotoka Goma na mzigo inaona Katana kama kipande cha njia. Sisi tunaona Katana kama nyumba yetu. Hapa ndipo watoto wanavuka kwenda masomoni, wagonjwa wanapelekwa hospitali ya FOMULAC, mama anatoka shambani na mzigo mgongoni, na mzee asiyesikia vizuri anakwenda sokoni. Barabara ni moja, lakini mahali penye watu, mwenye nguvu ndiye anayepaswa kumngojea mnyonge.

Hesabu ya mwendo

Tufanye hesabu kidogo, maana hata hesabu ni ya Mungu. Gari inayokwenda kilometa 80 kwa saa inapita meta 22 katika sekunde moja. Shofere akiona mtoto ametoka nyuma ya meza ya mihogo, anahitaji karibu sekunde moja ili mguu wake ufike kwenye breki. Kama mtoto yuko meta 20 mbele, gari imekwisha kumfikia kabla breki haijaguswa. Hapo ustadi wa shofere haumsaidii mtoto.

Gari hiyo hiyo ikienda kilometa 30 kwa saa, inapita meta 8 tu katika sekunde ile ya kwanza. Ikiwa na breki nzuri, itasimama ndani ya meta 15 hivi. Mtoto anabaki hai na meta tano mbele yake. Wenye elimu ya mambo haya katika Shirika la Afya Duniani wanatueleza kwamba mtu wa miguu akigongwa kwa mwendo wa kilometa 30, wengi sana wanapona. Lakini mwendo ukipita kilometa 45, nafasi ya kupona haifiki hata nusu. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, kishindo cha kugonga kinazidi mara nne.

Na tunapoteza nini tukipunguza? Senta ya kilometa moja, kwa kilometa 80, unaipita kwa sekunde 45. Kwa kilometa 30, unaipita kwa dakika mbili. Tofauti ni dakika moja na robo. Hata ukipita senta kumi namna hiyo, umechelewa dakika 12 na nusu. Siku ile na kwaya tungefika nyumbani dakika chache baadaye, tukiwa bado tunaimba, na mtoto angefika kwao na maji yake.

Damu juu ya nyumba

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anaagiza jambo ambalo wengi wanalipita bila kulisoma. Anayejenga nyumba mpya afanye ukingo kuzunguka dari ya juu, ili mtu asianguke na damu isiwe juu ya nyumba ile. Mungu hakusema: “Jengeni tu, mimi nitawashika wanaoanguka.” Aliweza kuwashika. Lakini aliweka ukingo katika mikono ya mjenzi, na hesabu ya damu akaiweka hapo pia.

Katika Kutoka 21:29 tena, kama ng’ombe ana desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi ng’ombe akiua mtu, mwenyewe ana hatia. Baba mwenye gari, unajua breki za gari yako zimekufa? Umekwisha kuambiwa na shofere wako? Wewe motari, unajua taa ya mbele haiwaki, na bado usiku unabeba watu watatu? Ng’ombe wako anajulikana. Mfunge.

Hapa tunataka kuungama mara ya pili, na ungamo hili ni la sisi tunaohubiri. Mara ngapi tumesimama kwenye kilio cha mtoto aliyegongwa, tukasema: “Siku yake ilifika, ni mapenzi ya Mungu”? Wengine wamesema ni jirani aliyeroga. Tulitaka kufariji, lakini tulimbebesha Mungu kazi ya mguu wa mtu uliokanyaga moto. Yesu alisema katika Mathayo 18 kwamba si mapenzi ya Baba aliye mbinguni mmoja wa wadogo hawa apotee. Tukilia na waliofiwa, tulie kweli. Lakini tusimsingizie Mungu.

Barabara katikati ya nyumba

Watu wa Kivu ya Kusini hatuwezi kusahau Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya kwenda Uvira. Jioni ya tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, lori lililobeba mafuta lilipinduka katikati ya senta ile. Mafuta yakamwagika kati ya nyumba. Watu wakakusanyika, wengine wakiyachota. Wengine walikuwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, siku ile Ghana ilipocheza na Uruguay. Moto ukalipuka. Waliokufa walipita 230, na kati yao watoto walikuwa wengi. Tunapokumbuka Sange tunaelewa maana ya barabara kubwa kupita mlangoni: kosa la njiani halibaki njiani, linaingia nyumbani.

Si kwetu tu. Nchini Kenya, tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 2023, pale njia panda ya Londiani, lori moja lilikosa kushikika, likawaparamia wachuuzi, abiria na waendesha pikipiki waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Walikuwa wakitafuta chakula cha siku, kama mama zetu wa hapa.

Lakini tunayo habari njema pia. Katika Ghana kuna senta inaitwa Suhum, kwenye barabara kubwa ya Accra kwenda Kumasi. Watu walikuwa wanakufa sana pale. Basi wakaweka juu ya lami mistari ya vijituta vidogo vinavyotetemesha gari, ili shofere aamke na kupunguza kabla hajawafikia watu. Ajali zilipungua karibu 35 kwa kila 100, na vifo vilipungua 55 kwa kila 100. Shofere walikuwa wale wale, na magari yale yale. Kilichobadilika ni njia.

Na Neno la Mungu lilikwisha kusema hayo. Katika Kumbukumbu la Torati 19, Mungu anaagiza miji ya makimbilio kwa mtu aliyeua bila kukusudia, kama yule ambaye chuma cha shoka kilitoka katika mpini kikampata mwenzake. Na pale pale Mungu anaagiza watu waitengeneze njia, ili damu isiyo na hatia isimwagike katika nchi. Kutengeneza njia ili watu wasife ni amri ya Mungu, sawa na ile ya ukingo wa nyumba.

Sura hiyo inatukemea kwa jambo lingine pia. Mtoto akigongwa, vijana wetu wanakimbia na mawe na petroli. Ndiyo maana mashofere hawasimami, na mtoto anaachwa njiani bila gari ya kumpeleka hospitali. Siku ile shofere wetu alikimbia kwa hofu hiyo. Ndugu, tukichoma mtu ambaye hakukusudia, tumemwaga damu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mji wa makimbilio uwe hapa Katana. Shofere asimame, amchukue mtoto, afikishwe kwa polisi akiwa hai, na sheria ifanye kazi yake.

Tufanye nini?

Wapenzi, neno lisilo na kazi limekufa. Haya ndiyo tunayoomba kila kanisa lichukue.

Kwanza, abiria. Tuliomwambia shofere “kanyaga” ni sisi. Tangu leo, gari ikifika kwenye nyumba za kwanza za senta yoyote, mkristo aseme kwa heshima: “Baba shofere, tumefika kwa watu, punguza.” Usiogope kuchekwa. Na ninyi viongozi wa kwaya na wa mikutano, fungeni ibada kwa wakati, ili shofere asilipe deni la maombi yetu marefu.

Pili, mashofere na motari walio ndani ya kanisa. Yehu katika 2 Wafalme 9 alijulikana kwa mbali kwa jinsi alivyoendesha kama mwenye wazimu. Wewe unajulikana kwa nini? Ubandike maneno “Mwendo wa watoto” mbele ya macho yako, kuliko kubandika jina la Yesu nyuma ya gari inayotisha watoto.

Tatu, akina mama wa soko. Tunajua mnasogea barabarani kwa sababu mteja yuko ndani ya gari. Lakini tusogeze meza nyuma hatua kadhaa, wote kwa pamoja, asiwepo anayepoteza mteja kwa sababu ya kutii. Meza ikiwa karibu mno, inamficha mtoto asionekane na shofere.

Nne, vijana. Msichimbe mfereji barabarani usiku kwa hasira. Tuta lisilo na alama linamuua motari anayekuja gizani, naye ni mtoto wa mtu. Yale matuta tunayoyaita dodani yana utaratibu wake: alama itangulie mbali, mwendo upunguzwe kwa hatua, vijituta vidogo kwanza kisha tuta lenyewe, lipakwe rangi nyeupe, lisiwekwe penye kona, na maji ya mvua yapate njia. Hiyo ni kazi ya Office des Routes. Basi tuandike barua moja, makanisa yote pamoja, na wakatoliki na wengine wote, tuipitishe kwa shefu wa grupema na kwa viongozi wa teritware ya Kabare. Tuonyeshe mahali pa kuvukia wanafunzi, mahali pa soko na mlango wa hospitali. Wakati tunangojea jibu, tufanye salongo: tufyeke majani marefu ya kando ya barabara, ili anayevuka na anayeendesha waonane.

Tena tusidanganyike. Leo mashimo ndiyo yanayopunguza mwendo mahali pengi. Sisi sote tunaomba barabara itengenezwe, na tunaomba vema. Lakini siku itakapokuwa laini, magari yatakimbia. Maombi ya barabara nzuri yaende pamoja na maombi ya dodani.

Tano, walimu wa shule ya watoto kanisani. Wafundisheni kutembea upande wa kushoto, ili waone gari inayowajia usoni, maana kwetu magari yanapita kuume. Wafundisheni kusimama, kutazama pande zote, kusikiliza, ndipo kuvuka pamoja. Makesha yakiisha, watu wasimwagike barabarani gizani. Wazee wa kanisa wawili wasimame na tochi, wamevaa nguo nyeupe.

Tangu mwaka 2005 Umoja wa Mataifa umetenga siku ya Mungu ya tatu ya mwezi wa 11 kwa ajili ya kuwakumbuka waliokufa na kuumia barabarani. Tunapendekeza makanisa yetu yaishike siku hiyo. Familia zilizofiwa ziitwe mbele, na mashofere waitwe pia, tuombe pamoja.

Msichana wa bidoni amepona. Anaimba sasa katika kwaya ya watoto, na mkono ule unapiga makofi kama mwingine. Kila tunapomwona tunasikia swali la mama yake, na tunajua kwamba Mungu aliyetuhurumia sisi ndani ya gari ndiye aliyekuwa pia mferejini na mtoto.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, tusamehe haraka yetu iliyoumiza wadogo wako. Utusamehe tulipokuita shahidi wa mambo tuliyoyafanya wenyewe. Wape mashofere macho ya kuona, abiria midomo ya kusema, na viongozi wetu moyo wa kutengeneza njia. Uwalinde watoto wanaovuka asubuhi hii, nasi utufundishe kutembea kwa mwendo wao. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.